Sauti Iliyoteremshwa

Mimi huimbia ndani ya magari ya watu. Kazi yangu ni kushona viti vya magari, na pale karakana hakuna chumba kimya kama gari lililopandishwa vioo, lenye sponji mpya na kitambaa ambacho bado kinanuka gundi. Wenzangu wa kuimba hurekodi chini ya blanketi au kabatini katikati ya makoti, na mmoja alirekodi kwenye stoo ya magunia akatoka na mafua ya wiki nzima. Mimi muda wa chakula ukifika namwambia mkuu wa karakana naenda kukagua mishono, naingia kwenye gari la mteja, naweka waya masikioni na kuimba. Mkuu anajua. Siku moja aligonga kioo akasema, "Dada, huyu mteja kalipia viti, hakulipia tamasha." Kisha akaenda zake kula.

Hao wenzangu ni Kibaraza cha Zilipendwa, kundi letu la kwenye simu. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kuna muuguzi anayeimba sauti ya kwanza. Mimi naimba ya pili. Dereva mmoja wa lori alikuwa anaimba ya tatu, na ya nne anaimba mwalimu mstaafu ambaye hutusahihisha matamshi kama vile kesho tuna mtihani. Waliobaki ni wasikilizaji, wapiga makofi na wale wanaotuma maua asubuhi. Kila wiki tunachagua wimbo wa enzi za wazazi wetu, kila mtu anarekodi sehemu yake peke yake na kumtumia Mpishi. Huyo ni kinyozi, lakini kwetu ndiye anayezipika sauti: anazisafisha, anazichanganya, na Jumapili mchana anauweka wimbo mtandaoni na maneno yaleyale, "Chungu kimeepuliwa." Kabla ya hapo hakuna anayejua mwenzake kaimbaje.

Nisijisingizie kwamba naimba kwa mapenzi. Naimba kwa sababu naweza, na kwa sababu saa ya chakula ni ndefu kwa mtu asiye na njaa. Mwalimu alishaniambia mbele ya kundi zima, "Binti, sauti yako imenyooka kama rula. Ila nikikusikiliza naona kama unanisomea mita ya umeme." Watu wakacheka. Sikubishana naye, maana alikuwa amesema kweli. Kuna watu wakipatwa na jambo hulia, wengine hupiga kelele. Mimi nilikufa ganzi tangu nikiwa msichana, na ganzi ikanizoea, nami nikaizoea. Nakula, nashona, nampeleka mama kliniki, nalala. Ukiniuliza hujambo nitakujibu sijambo, na wala sitakuwa nimekudanganya.

Wiki yenyewe tulichagua wimbo wa mtu aliyesimama stesheni akimuuliza mlinzi kama treni imeshapita. Dereva hajui kujifunza sehemu yake peke yake, lazima mtu amwimbie kwanza, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo kila wiki narekodi mara mbili: sauti yangu ya pili, halafu ile ya tatu, naiimba juu kwa koo langu la kike, ili Dereva aisikilize barabarani mpaka imwingie. Zote mbili hupitia kwa Mpishi.

Basi Jumatano Mwalimu na Dereva wakagombana. Mwalimu alisikiliza ujumbe wa sauti ambao Dereva aliutuma kuulizia wimbo, akasema anatamka neno "mlinzi" kana kwamba ana pipi mdomoni. Dereva akajibu kwamba yeye anaendesha tani thelathini mlimani, hana muda wa pipi. Maneno yakazaa maneno, Dereva akajitoa kwenye kundi. Nilidhani Jumapili hiyo tutakula bila chumvi, yaani wimbo utatoka bila sauti ya tatu.

Jumapili mchana nilikuwa namkata mama kucha za miguu. Mama miguu yake imekuwa mizito, akikaa kwenye kochi hainuki mpaka awe na sababu, na sababu zimekuwa chache. Nilikuwa nimeweka simu juu ya meza na spika ndogo pembeni. Yeye hupenda kusikiliza nyimbo zetu, ingawa humsifia muuguzi kuliko mimi. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili ikaingia sauti ya mwanamume, laini, yenye mkwaruzo kidogo pale inapopanda, na mama akauvuta mguu wake mkononi mwangu.

"Huyo ni Chiriku," akasema.

Chiriku ni kaka yangu. Tulimwita hivyo kwa sababu utotoni hakunyamaza, na akiacha kusema anaimba. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yetu kwa miaka mingi, hata nikasahau lina mlio gani kinywani mwa mama. Kaka aliondoka nikiwa shule ya bweni. Nilirudi likizo nikakuta kitanda chake kimetandikwa vizuri na nguo zake hazipo. Nikauliza. Mama akasema, "Kaka yako kaenda kutafuta maisha. Kachagua mwenyewe." Tangu siku hiyo hatukupata barua wala simu, wala mtu wa kusema nilimwona mahali. Nilisubiri machozi yaje, kwa kuwa nilijua ndivyo inavyokuwa. Hayakuja. Nikarudi shule, nikamaliza, nikatafuta kazi ya karibu na nyumbani ili mama asibaki peke yake.

"Rudisha nyuma," mama akaniambia. "Mwanangu, rudisha nyuma pale."

Nikarudisha. Hata mimi nilimsikia. Alikuwa yeye kabisa, jinsi anavyoegemea mwanzo wa neno kama mtu anayesukuma mlango. Mtu mwingine angeangusha kikata kucha. Mimi nilimalizia kidole gumba, nikafagia vipande, nikaenda kuvitupa. Nilijisikiliza nione kama nina furaha. Sikuona kitu.

Kesho yake nilimpigia Mpishi nikiwa ndani ya gari ambalo kiti chake cha mbele kilikuwa bado kina nyuzi zinazoning'inia.

"Nani kaimba sauti ya tatu?"

Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. "Subiri dada, nimalize kisogo cha mtu." Mashine ikazimwa. "Haya. Mbona hata salamu hakuna? Imeharibika mahali?"

"Nani kaimba?"

"Wewe."

Nikavuta uzi mmoja wa kile kiti.

"Dereva si kasusa? Na muda umeisha," akaendelea. "Nikachukua ile unayomwimbiaga ya kujifunzia, nikaiteremsha. Kwenye simu ni kubonyeza tu, unaipeleka chini mpaka inakuwa dume. Nilitaka nikwambie, nikasahau. Lakini ukweli tuseme, imekubali! Watu wananiuliza huyo jamaa nimemtoa wapi."

"Mama yangu anasema huyo ni kaka yangu."

"Kaka yako anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

Mpishi si mjinga. Nikasikia mteja wake anakohoa. "Aisee," akasema. "Damu ni damu. Pole, dada. Niitoe?"

Nilimwambia aiache kwanza, nitazungumza na mama jioni. Nilikuwa na nia ya kweli. Nilitoka kazini na maneno yangu nimeshayapanga: Mama, yule si Chiriku, ni mimi, kinyozi kaichezea sauti. Maneno machache tu, hata mtoto angeyasema.

Nilipofika nyumbani mama hakuwa kwenye kochi. Alikuwa amesimama. Kitanda cha kaka, ambacho kwa miaka yote nimekuwa nikirundika juu yake mabaki ya vitambaa na sponji, kilikuwa kitupu, na shuka zimeanikwa uani. Jirani alikuwa amesaidia kuhamisha mizigo. Mama alikuwa ameshampigia simu mama mdogo, na mama mdogo, kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa ameshawapigia wote waliobaki.

"Umemuuliza huyo kinyozi namba yake?" mama akaniuliza, akinikazia macho.

"Bado, mama."

"Muulize basi. Au anaogopa? Kama anaogopa usimlazimishe. Mwenye kuimba na dada yake si atakuja tu?"

Nilimtazama alivyoshika ukuta kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine unakung'uta mto. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nikajiambia sijadanganya, nimenyamaza tu. Nikaenda kuanua shuka.

Wiki iliyofuata nilimwambia Mpishi aiteremshe tena. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikaimba sehemu zote mbili ndani ya gari la familia fulani lenye makombo ya biskuti kila mahali, nikatuma, nikarudi kwenye cherehani. Jumapili chungu kikaepuliwa, na Kibaraza kizima kikammwagia sifa huyo mgeni asiye na jina. Muuguzi akaandika kwamba sauti ile imemkamata moyo akiwa zamu. Mwalimu, ambaye kumsifia mtu kwake ni kama kung'olewa jino, aliandika hivi: "Hatimaye tumempata mtu anayeimba kwa hisia. Binti wa sauti ya pili, msikilize kwa makini ujifunze."

Nikamjibu, "Asante, Mwalimu, nitajifunza." Ningekuwa mtu wa kucheka, ningecheka siku hiyo.

Mama naye alikuwa amejisogeza mpaka sikio liko karibu na spika. "Unamsikia mwenzako?" akasema. "Wewe unaimba kama mtu anayehesabu misumari. Yeye anaimba kama mtu aliye na mtu."

Kwa maneno yale alinitoboa mimi, na mimi sikuisikia sindano. Nilimwuliza kama atakula sasa au baadaye. Akasema sasa. Alikuwa ameanza kula vizuri, hilo lazima niliseme. Alikuwa anatembea mpaka mlangoni, anaoga bila kusubiri nimshike, na kliniki walimpima presha wakampongeza kana kwamba amefaulu darasa. Kila nilipofungua kinywa niseme kweli, niliona ile miguu inatembea, nikafunga kinywa. Ndivyo wiki zilivyopita, mama anapona kwa dawa niliyoichakachua, na mimi naimba mara mbili.

Halafu mama akachoka kungoja. Ilikuwa Jumamosi mchana, nilikuwa napiga pasi. Akaniita nikae mbele yake nikiwa na simu.

"Fungua pale pa kuongea," akasema. "Namtumia ujumbe wa sauti. Wewe umpelekee kinyozi, kinyozi ampelekee. Na usinikatize."

Nilibonyeza. Mama akajiweka sawa kwenye kochi kama anapigwa picha.

"Chiriku, mwanangu. Ni mimi mama yako. Nimekusikia. Nimekusikia Jumapili zote." Akaisogelea simu. "Ule usiku nilikufungia mlango, ulibisha hodi nami niko macho. Nilikaa kitandani nakusikia. Nilisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nikaona nikikufungulia utaendelea na huo muziki wa baa, hutaacha. Nilijua utalala kwa rafiki, asubuhi utarudi na adabu. Nguo zako nilikuwa nimeshaziweka nje, kwenye mfuko, ili uogope. Asubuhi nikafungua mlango, mfuko haupo. Dada yako nilimwambia umechagua mwenyewe. Siku hizi sifungi mlango kwa komeo, muulize atakwambia. Rudi. Au kama hurudi, sema tu kwamba umenisamehe. Sema kwa wimbo au kwa mdomo, vyovyote. Mimi sina siku nyingi za kukaa na neno hili."

Akaninyooshea kidole nizime. Nikazima. Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa nyuma yangu, nikainuka nikaichomoa, nikarudi kukaa.

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mama hataki komeo lifungwe. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa nalala nimeegemeza kiti mlangoni kwa kuogopa wezi, na asubuhi nakuta amekiondoa.

"Tuma," mama akasema.

Nilikuwa na ujumbe mkononi na hakuna mtu wa kumtumia. Wimbo niliweza kumwongopea nao. Lakini hili lilikuwa neno la mtu kwa mtu, na huyo mtu wa pili hayuko popote tunapopajua. Hapo nikaona kwamba nikinyamaza tena, nitakuwa nimefunga ule mlango mara ya pili, na mama akiwa nje.

"Mama," nikasema, "yule si Chiriku."

"Nani?"

"Anayeimba. Si kaka. Ni mimi."

Alinitazama kama mtu anayeongea na muuzaji anayejaribu kumbadilishia bei. "Wewe sauti yako siijui mimi?"

Mpishi alikuwa ameshanielekeza jinsi ya kuteremsha sauti kwenye simu. Sikuwa na maneno mengine, nikaona bora asikie mwenyewe. Nikashika simu, nikaimba pale pale mbele yake mstari mmoja wa yule mtu wa stesheni, kavu, kwa rula yangu. Nikaicheza rekodi, akasikia sauti yangu. Nikabonyeza, nikaiteremsha, nikacheza tena. Akatoka Chiriku, kijana, mwenye mkwaruzo, anasukuma mlango.

Mama hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa nimeshafikiria hata dawa ya presha iko droo gani. Alikaa tu. Kisha akasema, "Cheza tena." Nikacheza. "Tena." Nikacheza. Mama mdogo akapiga simu katikati, hakuna aliyepokea.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Sikujua mimi, alifanya kinyozi. Halafu nikajua."

"Ukaniacha nifue shuka."

"Ndiyo, mama."

Alikubali kwa kichwa, taratibu. Nikadhani tumemaliza. Nikainuka nirudi kwenye pasi. Mama akanishika gauni.

"Basi ifanye iseme," akasema.

"Iseme nini?"

"Iseme amenisamehe. Hiyo sauti. Wewe sema, halafu iteremshe. Najua ni wewe, sijachanganyikiwa. Nataka niisikie mara moja tu."

Nilisimama pale na simu. Ilikuwa kazi ndogo. Nimeshaimba kuwapendeza Mwalimu na mama, mara mbili kila wiki. Nikafungua pale pa kurekodi. Nikasema, "Mama, nime..." na neno likagoma. Nikajaribu tena, likagoma palepale. Koo halikuwa na tatizo lolote.

"Siwezi, mama," nikasema. "Kuimba nitakuimbia hata leo. Hili si langu. Sijui kama amekusamehe, na siwezi kumsemea."

Mama akaliachia gauni langu. Alitazama kitanda cha kaka kilichotandikwa shuka safi, kinaonekana kupitia mlango wa chumba. Nilingoja anikasirikie, au aseme ondoka mbele yangu. Alipoongea, aliongea chini, kwa sauti ya mtu aliyefika kwa daktari na kuona aibu kutaja panapouma.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Umenisamehe? Nilikunyima kaka, nikakudanganya, ukaacha mambo yako ukaja kukaa na mimi. Wewe umenisamehe?"

Ndani ya nyumba ile naulizwa kama nimezima jiko, kama nimenunua vidonge, kama mtungi wa gesi umebaki kiasi gani. Swali la namna ile nilikuwa sijaulizwa. Nikatafuta jibu la kumpa, na kwa mara ya kwanza sikupata hata lile la sijambo.

"Sijui, mama," nikasema.

"Haya," akasema. "Ukijua, uniambie. Kwa sauti yako hiyohiyo. Usiiteremshe."

Nikarudi kwenye pasi, nikaichomeka, nikalikuta shati la mkuu wa karakana, nililokuwa namsaidia kulinyoosha, limeungua kola. Niliitazama ile alama ya kahawia, na sikuelewa kinachotokea mpaka nikahisi joto limepanda shingoni na meno yameumana. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia mama kwa lile komeo, nikamkasirikia kaka kwa kuokota mfuko na kwenda bila hata kurudi siku moja kugonga dirisha langu, nikazikasirikia zile asubuhi zote nilizomjibu mtu sijambo. Mama aliniona nimesimama na pasi hewani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nina hasira, tena nyingi, na asinisemeshe kwanza. Akasema sawa mwanangu, akabaki amekaa palepale akinitazama.